Mtungi Mmoja Kila Jumamosi

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita kama 20 tu kwa barabara kuu, lakini maji ya miji hii miwili hayakutani mpaka baharini. Mto Chania unashuka kutoka milima ya Nyandarua, unajiunga na Mto Thika pale pale mjini, kisha maji yake yanaingia Tana na kumwagika katika Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Mto Ruiru unaelekea Athi, mto ambao njiani kwenda pwani hubadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi.

Nililelewa Thika, nikaanza maisha yangu ya utu uzima Ruiru, na katika miji yote miwili nimeishi na tangi la samaki sebuleni. Watu wanaokuja kunitembelea huulizia samaki: wanaitwaje, wanakula nini, wamenunuliwa wapi. Ni wachache wanaoulizia maji. Nami kwa miaka hii yote nimezidi kuamini kwamba mwenye tangi hufuga maji kwanza. Maji yakiwa na afya, samaki hawana haja kubwa na mtu. Maji yakiugua, hakuna dawa ya dukani itakayowaokoa.

Aliyenifundisha hayo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Miaka ya 1990 tulikaa naye Makongeni, Thika. Kazi yake ilikuwa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mto, zamu ya mchana wiki hii, ya usiku wiki inayofuata. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la lita 80 hivi, lililoundwa na fundi wa vioo wa mtaani kwa vioo vya milimita 6 na gundi ya silikoni. Chini yake alikuwa ameweka meza ya chuma aliyoagiza kwa fundi wa kuchomelea, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na ukijumlisha vioo na kokoto tangi lile lilipita kilo 100. Ndani yake waliishi gapi wengi wa rangi rangi na samaki wa dhahabu wawili.

Nyanya yetu, ambaye sote tulimwita Cucu, alikuwa akija kutoka Gatanga kutuona. Wazee wa Kikuyu wa rika lake hawakula samaki, na yeye hakuwahi kumwonja maishani. Siku ya kwanza kuliona tangi alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo muda mrefu bila kusema kitu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hawa wanaenda haja wapi?"

"Humo humo, Mama."

"Na wanakunywa humo humo?"

"Humo humo. Ndiyo maana kila Jumamosi natoa maji na kutia mengine."

Cucu aliridhika. Mimi nilikuwa mtoto, na swali lake lilinikaa kichwani kuliko majibu mengi niliyofundishwa shuleni, kwa kuwa lilifika moja kwa moja kwenye kiini cha jambo. Samaki wa mtoni huenda haja, na mto ukaichukua. Samaki wa sebuleni hana mto. Mtu aliyemtia ndani ya vioo amejitwika kazi ya mto.

Kinachotoka kwa samaki kwa wingi ni amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye mashavu wanayopumulia. Nyingine hutokana na kinyesi na chakula kilichobaki kikaoza. Amonia iliyoyeyuka haina rangi. Maji yanaweza kung'aa hata ukasoma gazeti upande wa pili wa tangi, na wakati huo huo yakawa yanawaunguza samaki. Wanaotuokoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto, kwenye vioo, na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi lingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia isipozidi. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyeieleza kazi hii ya bakteria mwanzoni mwa miaka ya 1890, naye alikuwa akichunguza udongo. Kwa hiyo kazi inayofanyika ndani ya sponji ya pampu ndogo ya hewa Makongeni ndiyo inayofanyika shambani Gatanga, mbolea ya ng'ombe inapogeuka chakula cha mahindi.

Tofauti ni kwamba shambani kuna mahindi ya kuila naitreti hiyo. Ndani ya tangi la nyumbani mimea huwa michache na samaki wengi. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaweka samaki wa dhahabu pamoja na mimea ya majini na konokono, akaonyesha jinsi viumbe hao wanavyosaidiana: mimea ikitoa oksijeni, konokono wakila majani yanayooza. Wazo la tangi linalojitosheleza liliwavutia watu kwa miaka mingi, na mpaka leo wapo wanaotumaini kwamba wakipanda majani mengi hawatahitaji kubadilisha maji. Mjomba aliipenda mimea, lakini hoja yake ilikuwa rahisi: kila siku mkono wa binadamu unatia chakula ndani ya tangi, na kinachoingia lazima kitafutiwe njia ya kutoka.

Njia hiyo ilikuwa mtungi mmoja wa lita 20 kila Jumamosi. Ijumaa jioni alijaza mtungi kutoka mferejini, akaumimina kwenye beseni pana na kulifunika kwa kitambaa chepesi cha kuzuia mbu. Asubuhi alizima pampu, akatumbukiza ncha ya mpira ndani ya kokoto, akanyonya kidogo upande wa pili, na maji yakaanza kushuka ndooni yakibeba uchafu wa hudhurungi uliojificha chini. Alikuwa akichoma choma mpira huo mahali pamoja, anauinua kokoto zidondoke, kisha anasogea. Wiki hii upande wa kushoto, wiki ijayo upande wa kulia. Ndoo ilipojaa, alitoa sponji ya chujio na kuikamua ndani ya maji yale machafu, mara mbili tatu, akairudisha. Hakuiosha kamwe mferejini.

Nilimwuliza kwa nini aioshe kwenye uchafu.

"Klorini ninayoitia mimi kazini ni ya kuua bakteria, mpwa wangu," alisema. "Inakukinga wewe usipate kipindupindu. Haijui kwamba hapa kuna bakteria tunaowahitaji."

Maneno hayo yalikuwa ya mtu aliyeijua kazi yake kutoka pande zote mbili. Maji ya Chania yakitolewa mtoni hutiwa shabu ili matope yashikamane na kutuama, yanachujwa kwenye mchanga, kisha yanatiwa klorini. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita mpaka maji yafike kwa mtumiaji, na kiasi hicho kinachomlinda binadamu kinatosha kuwadhuru samaki mashavu. Maji yakilala usiku kucha kwenye chombo kipana, klorini ya kawaida hupotea hewani. Siku ambazo maji yalichelewa kuja na hapakuwa na muda wa kuyalaza, mjomba alitumia chembe chache za sodiamu thiosulfeti, ambayo huiondoa klorini papo hapo. Alikuwa akiipata kwenye studio ya picha mjini, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo dawa waliyotumia wapiga picha wakati wa filamu.

Kuhusu kiasi cha maji ya kubadilisha, hesabu yake inafaa kuelezwa vizuri kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Chukua tangi ambalo kila wiki linaongeza miligramu 10 za naitreti katika kila lita. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, naitreti itapanda taratibu mpaka ifike 40, utakapobadilisha itashuka hadi 30, na itabaki kati ya namba hizo mwaka baada ya mwaka. Ukibadilisha sehemu moja tu ya kumi, itaendelea kupanda mpaka ikaribie 100. Ukibadilisha nusu, haitazidi 20. Tangi la mjomba lilikuwa la lita 80, na mtungi wa lita 20 ni robo yake kamili. Alilichagua tangi kwa kufuata mtungi aliokuwa nao nyumbani, na mpaka sasa namshauri anayeanza afanye vivyo hivyo, apange ukubwa wa tangi kulingana na maji anayoweza kuyabeba na kuyalaza kila wiki bila kuchoka. Kazi ikizidi nguvu za mtu huachwa, na inapoachwa samaki ndio wanaolipa.

Katika ploti yetu palikuwa na jirani aliyevutiwa na tangi la mjomba, naye akanunua lake. Alikuwa mtu msafi sana. Maji yalipoanza kuwa na ukungu, kama yanavyokuwa katika tangi jipya wiki za kwanza, aliwatoa samaki wote akawatia karaini, akamwaga maji yote, akasugua vioo na kokoto kwa sabuni, akaosha sponji mpaka ikawa nyeupe, kisha akajaza maji kutoka mferejini. Jioni ile tangi lake lilipendeza kuliko la mjomba. Kesho yake asubuhi samaki wote walikuwa wanaelea.

Mjomba hakumlaumu. Alikaa naye kwenye ngazi akamweleza yote yaliyotokea kwa mpigo: klorini iliwachoma mashavu, maji mapya yalikuwa na joto tofauti na mchanganyiko tofauti wa chumvi, na bakteria waliokuwa wameanza kujenga makao walisombwa na sabuni. Hata kama samaki wale wangenusurika na klorini, wangekutana na amonia siku chache baadaye bila mlinzi. Nilikuwa pale nikisikiliza, na nilielewa kwamba bidii peke yake haitoshi katika kuwalea viumbe. Jirani yule alifanya kazi kubwa zaidi kwa siku moja kuliko mjomba kwa mwezi mzima. Kilichokosekana ni kipimo, na subira ya kurudia jambo dogo.

Subira hiyo nilikuja kuiona ikijaribiwa mvua za El Niño ziliponyesha mwishoni mwa 1997 na kuendelea mpaka mwanzoni mwa 1998. Chania ilijaa, ikawa nyekundu kwa udongo wa mashamba ya Murang'a na Kiambu. Kwenye mtambo mjomba alisema kazi imekuwa ngumu, matope yanakuja kwa wingi, shabu inaenda nyingi na klorini pia. Nyumbani maji yalikatika siku kadhaa, na yaliporudi yalikuwa na rangi na harufu kali. Nilidhani atabadilisha maji mengi zaidi ili kuwasaidia samaki. Alifanya kinyume. Alipunguza chakula akawa anawapa kidogo siku moja na kuruka siku mbili, kwa sababu samaki mzima anavumilia njaa ya siku kadhaa bila madhara, na tumbo lisilolishwa halitoi amonia nyingi. Jumamosi alibadilisha nusu mtungi tu, akitumia maji yaliyolala siku mbili na chembe za dawa yake ya studio. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati aliyachanganya kwa uangalifu, sehemu ndogo, kwani maji ya mvua karibu hayana madini yanayosaidia kuzuia kipimo cha pH kisiyumbe. Tuliimaliza El Niño na samaki wote.

Nilipohamia Ruiru kuanza kazi nilibeba tangi dogo, sponji iliyojaa bakteria kutoka tangi la mjomba ndani ya mfuko wa maji, na mazoea yote ya Thika. Jengo nililopanga Kihunguro lilikuwa na kisima chake cha kuchimbwa kwa mashine, na pampu ilipandisha maji kwenye matangi meusi ya paani. Maji yenyewe yalikuwa safi kwa macho, baridi, yasiyo na harufu ya klorini. Mtu angesema ni bora kuliko ya Thika. Mjomba alipokuja kunitembelea aliyaonja, akasugua vidole vyake vilivyolowa, akasema yanateleza.

"Haya hayatoki mtoni. Yapime kwanza."

Nilipata vijikaratasi vya kupimia, nikaona pH imepita 8. Katika eneo hili la miamba ya volkano, maji ya visima virefu mara nyingi huwa yameyeyusha sodiamu na baikaboneti kwa wingi, na visima vingi vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Meno yenye madoa ya kahawia ambayo wengi wetu tumeyaona kwa watu waliokulia kwenye maji kama hayo ni alama ya floridi hiyo.

Kwa mwenye tangi, pH ya juu ina maana moja nzito. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Katika maji ya joto la nyuzi 25 yenye pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH ya 8 ni zaidi ya asilimia 5. Kwenye 8.5 inakaribia asilimia 15. Samaki wale wale, wakila chakula kile kile, wakitoa amonia ile ile, wako kwenye hatari kubwa mara nyingi zaidi Ruiru kuliko Thika. Tangi la Thika lililojaa samaki kupita kiasi lingeweza kuvumilia makosa ya wiki moja. La Ruiru lisingevumilia.

Kwanza, beseni la Ijumaa jioni niliendelea nalo, ila sababu yake ilibadilika. Thika tuliyalaza maji ili klorini itoke. Maji ya kisima kirefu hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na gesi ya kaboni dioksidi iliyobanwa, na gesi hiyo inapotoka pH hupanda. Ukiyatia moja kwa moja kwenye tangi, mabadiliko hayo yote yatatokea samaki wakiwa ndani yake. Ukiyalaza usiku kucha na kuyapulizia hewa kwa pampu, yatakuwa yamemaliza mabadiliko yake kabla hayajawafikia.

Jambo la pili lilikuwa ule mstari mweupe uliojitokeza kwenye kioo, pale maji yanapokomea. Maji yanapokauka hewani huacha chumvi zake nyuma. Anayejaza tu yaliyopungua bila kutoa ya zamani anaongeza madini kila wiki, na mwisho wa mwaka ana maji mazito ambayo samaki mgeni akitiwa ndani yake anaweza kufa. Kujaza na kubadilisha ni kazi mbili tofauti. Thika tofauti hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu maji ya mto yana madini machache. Ruiru nilijifunza kuitazama kila mwezi.

Jambo la tatu lilikuwa kuchagua samaki wanaoyapenda maji niliyonayo. Wapo samaki wadogo wa Amazon, wazuri sana, ambao kwao ni maji laini yenye asidi, na kila anayewatia kwenye maji ya visima vya Ruiru anaingia vitani na ardhi yenyewe. Gapi na moli hustawi katika maji haya. Siklidi wa Ziwa Malawi na Tanganyika vile vile, maana maziwa hayo yana pH ya juu, na la Tanganyika hukaribia 9. Nilipoanza kusoma habari za siklidi, nilikutana na fulu wa Ziwa Victoria, samaki wadogo ambao Waluo wamewajua vizazi na vizazi. Aina zake zilikuwa mamia. Baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950, na maji kuchafuka, aina nyingi zilitoweka mnamo miaka ya 1980, na baadhi zimeendelea kuishi kwa sababu watu wa bustani za wanyama na vyuo vya Ulaya na Marekani walizihifadhi ndani ya matangi ya vioo na kuzibadilishia maji wiki baada ya wiki. Tangu nilipolijua hilo, kazi ya mtungi na mpira imepata uzito mwingine machoni pangu. Ziwa zima lilishindwa kuwatunza viumbe wake, na ndoo za watu wenye subira zikawatunza.

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Ilikuwa Ijumaa. Pampu yangu ilinyamaza kabla ya saa nne, na giza la Kihunguro likawa zito kwelikweli. Chujio likikosa mzunguko wa maji, oksijeni ndani yake huisha na bakteria wanaweza kuanza kufa, na samaki wengi ndani ya tangi dogo huanza kupanda juu kutafuta hewa. Nilichukua jagi, nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yaingie na hewa, kwa dakika chache, napumzika, narudia. Chakula sikuwapa. Maji ya kubadilisha yalikuwa tayari kwenye beseni kwa kuwa ilikuwa siku yake, na alfajiri nilitumia yale kuongeza oksijeni na kupunguza amonia kwa wakati mmoja. Stima iliporudi Jumamosi nilikuwa na samaki wote. Baada ya hapo nilinunua pampu ndogo ya betri, na ninamsihi kila mwenye tangi awe nayo.

Anayetaka kuanza leo, iwe Thika, iwe Ruiru, namwomba ampe tangi mwezi mmoja au mwezi na nusu kabla ya kulijaza samaki. Alijaze maji, awashe pampu, aombe sponji iliyotumika kutoka kwa mwenye tangi lenye afya ili bakteria wapate mbegu, kisha aanze na samaki wachache na chakula kidogo. Julai na Agosti, usiku unapokuwa na baridi, bakteria hufanya kazi polepole, kwa hiyo asubiri zaidi au aweke kipasha maji cha kulifikisha joto kwenye nyuzi 24 au 25. Samaki wa dhahabu wanaihimili baridi yetu, ila wanachafua maji kuliko wanavyodhaniwa, wanakua wakawa wakubwa, na wakitunzwa huishi miaka zaidi ya kumi. Mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish alifikisha miaka 43 kabla ya kufa mwaka 1999. Kibakuli cha mviringo cha lita tatu si nyumba ya kiumbe wa namna hiyo.

Maji yanayotoka kwenye tangi yasimwagwe chooni. Naitreti inayomsumbua samaki ndiyo inayotakiwa na mboga, na sukuma wiki zangu zilizopandwa kwenye magunia hazijaona mbolea nyingine. Na samaki waliozidi wapewe mwingine mwenye tangi, wasitupwe mtoni hata kwa huruma. Gugumaji lilisambazwa duniani kama ua la kupamba vidimbwi, na tangu miaka ya 1990 wavuvi wa Kisumu wanapambana nalo. Mito ya Chania na Ruiru ina samaki wake.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 490,000 katika mji wa Ruiru. Majengo yanaongezeka, na mengi yanachimba kisima upande mmoja na shimo la maji taka upande wa pili. Ndani ya mji unaokua hivyo, swali la Cucu linatuhusu sote: tunaenda haja wapi, na tunakunywa wapi? Wengi wetu hatujui mfereji wetu unatoka mto gani, au kisima chetu kina urefu gani, au maji yetu yalipimwa lini mara ya mwisho. Mwenye tangi la samaki analazimika kujua, kwa kuwa ana viumbe watakaomwonyesha ndani ya siku moja kama amekosea. Elimu hiyo aliyoipata asikae nayo. Amwulize msimamizi wa ploti matokeo ya vipimo vya kisima, apime mwenyewe naitreti ya mferejini kila msimu wa mvua unapoanza, na awaambie majirani alichokiona, hasa wenye watoto wachanga, ambao naitreti nyingi katika maji ya kunywa inaweza kuwadhuru damu kama naitraiti inavyowadhuru samaki. Vijikaratasi vya kupimia ninavyowanunulia samaki nimeshavitumia kwenye maji ya milango mingine ya jengo letu, na nitaendelea kuvinunua kwa ajili ya wote.